Chumvi ya Katwe kwenye tangi la Kisenyi: uchambuzi wa kisa kimoja cha vidoa vyeupe

Mwenye mgahawa alinieleza tatizo la samaki wake kwa simu hivi: "Fundi, ugonjwa ulikuwa hauwaui. Wameanza kufa nilipowatibu." Watu wengine huzungumza robo saa nzima bila kufika hapo. Alikuwa sahihi. Kilichobaki kilikuwa kujua sababu, maana alichowatibu nacho ni chumvi, na chumvi ndiyo dawa ambayo mimi mwenyewe ningeanza nayo.

Tangi liko ukumbini mwa mgahawa wa pilau na biriani pale Kisenyi, Kampala. Ni la kioo, sentimita 120 kwa 45 kwa 50, limeunganishwa na fundi wa vioo wa hapo hapo mjini. Ukitoa changarawe na nafasi iliyoachwa juu, hubaki maji ya lita 240 hivi. Ndani yake walikuwamo goldifishi, moli weusi, na koridora watano, wale kambare wadogo wenye masharubu wanaofukua chini kutwa. Chujio ni sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Hita hakuna, maji hukaa kwenye nyuzi 23 au 24 za Selsiasi, na kwa samaki hawa hiyo inatosha.

Historia niliikusanya kwa watu watatu: Mama, yaani mwenye mgahawa, mpwa wake anayekaa kaunta, na kijana wa usafi, ambaye ndiye aliyekuwa anakumbuka mambo vizuri kuliko wote. Mama alinunua goldifishi wawili wapya kwa mchuuzi wa barabarani, wakamiminwa tangini siku hiyo hiyo pamoja na maji ya mfuko wao. Hazikupita siku nyingi, samaki wa zamani wakaanza kujikuna kwenye mawe na kukunja mapezi. Kisha vikatokea vidoa vyeupe mkiani, kama wamenyunyiziwa punje za chumvi. Mpwa akakimbilia duka la dawa, akarudi na tetrasaiklini, akafungua kapsuli na kumwaga unga ndani. Maji yakawa ya manjano na kutoa povu. Kijana, kuona uchafu, akazitoa sponji zote mbili na kuzikamua chini ya bomba mpaka zikatakata. Baada ya siku mbili tatu vidoa vikatoweka. Tetrasaiklini ikasifiwa.

Wiki haikuisha, vikarudi, na safari hii viliwajaa mwili mzima. Hapo ndipo jirani mmoja, mtu wa Kasese, akaleta mabonge ya chumvi kutoka Ziwa Katwe. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: chumvi ya pakiti imetiwa iodini na iodini inaua samaki, bali hii ya ziwani ni ya asili, haijachanganywa na kitu. Bonge moja likatumbukizwa. Lilipoyeyuka likafuata la pili. Usiku ule samaki wakapanda wote juu kuhema, na kulipokucha goldifishi watatu walikuwa wamekufa.

Nilipofika sikuanza na samaki, nilianza na maji. Maji ya bomba ya mgahawa yalikuwa na pH (kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, ikizidi hapo maji yanaelekea magadi) ya 7 na kitu kidogo. Ya tangi yalikuwa 8.7. Amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, ilikuwa kwa jumla karibu miligramu 2 kwa lita, mahali ambapo panatakiwa kusomeka sifuri. Nitriti, sumu inayozaliwa na amonia, nayo ilipandisha rangi ya kipimo hadi mwisho. Kwa takwimu hizo, hata tangi lisilo na kimelea hata kimoja lingekuwa na samaki wanaohema juu.

Lakini kimelea kilikuwapo. Goldifishi mmoja alikuwa amekufa muda huo huo, nikampeleka kwa rafiki yangu mwalimu wa biolojia mwenye hadubini shuleni kwake. Tulikata kipande cha matamvua, yaani viungo vya kuhemea, na hapo tukakiona: kiumbe cha mviringo kinachojizungusha polepole, nywele fupi zikitikisika pande zote, na ndani yake kiini kilichopinda kama herufi C. Hiyo ni *Ichthyophthirius multifiliis*, na kile kiini kilichopinda hakikuachii shaka. Nilitaka uhakika huo kwa sababu si kila cheupe ni vidoa vyeupe. Goldifishi dume akiwa tayari kupandana hutoa vipele vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na ukingoni mwa mapezi ya mbele, naye hana ugonjwa wowote. Kuvu nao ni weupe, ila hufanya manyoya ya pamba juu ya kidonda.

Kwa hiyo tangi lilikuwa na matatizo mawili yaliyopandana, na lile lililoonekana kwa macho silo lililokuwa linaua haraka.

Nianze na bonge la chumvi. Ziwa Katwe ni ziwa la kreta wilayani Kasese, halina mto unaotoka. Maji huingia kwa chemchemi zinazopita kwenye miamba ya volkano, jua linayakausha, na kinachobaki hurundikana miaka na miaka. Kinachobaki hapo si chumvi ya mezani peke yake. Humo mna pia salfeti na karboneti za sodiamu, yaani, kwa lugha ya jikoni, mna magadi. Maji hayo ni makali kiasi kwamba kiwanda kikubwa kilichojengwa kando ya ziwa hilo kilishindwa mapema, mabomba yake yakaliwa. Kwa ng'ombe wa kulamba, bonge la Katwe ni zuri sana. Kwa tangi la samaki ni habari nyingine.

Mama hakukubali upesi. "Lakini chumvi si chumvi tu, fundi? Hata hii tumeipikia." Nikamwomba siki. Nilivunja kipande cha bonge kwenye sahani, nikaweka na kijiko cha chumvi ya pakiti pembeni, nikamwagia vyote. Chumvi ya pakiti ilitulia. Kipande cha Katwe kilichemka povu. Povu hilo ni karboneti inavyokutana na asidi, na jaribio hilo halihitaji maabara. Ndimu pia inafanya kazi. Mama anayajua magadi vizuri, huyatia kwenye maharage magumu yasiyotaka kuiva. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Maji ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria, nayo ni laini, hayana kinga kubwa dhidi ya mabadiliko ya pH. Ukiyatia magadi, pH inaruka. Na pH ikiruka, amonia inageuka sumu. Amonia huishi majini kwa sura mbili: moja ina chaji na haimsumbui sana samaki, nyingine haina chaji na hupenya matamvua moja kwa moja. Katika nyuzi 24, pH ikiwa 7, sura hii ya pili haifiki hata asilimia 1. Ni nusu tu ya asilimia hiyo. Katika pH ya 8.7 inakuwa kama asilimia 20. Maana yake, zile miligramu 2 ambazo kabla ya bonge zilikuwa na sumu ya miligramu 0.01 kwa lita, baada ya bonge zilikuwa na 0.4, mara arobaini, ndani ya usiku mmoja, bila amonia yenyewe kuongezeka. Samaki ambaye matamvua yake yameshatobolewa na vimelea hana akiba ya kuhimili hilo.

Na kwa nini amonia ilirundikana? Kwa sababu ya sponji. Zile sponji chafu ndizo nyumba ya bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Maji ya bomba yana klorini, na klorini haichagui bakteria wabaya na wazuri. Tetrasaiklini huenda iliwagusa pia. Ongeza watoto wa wateja wanaotupia samaki vipande vya chapati, hesabu imekamilika. Sponji huoshwa kwa maji yaliyochotwa tangini humo humo, kwenye ndoo, kwa kukamuliwa mara mbili tatu, basi. Ikibaki na rangi ya udongo ndiyo salama yake.

Sasa turudi kwa kimelea, maana hapo ndipo tetrasaiklini ilipopata sifa isiyo yake. Dawa hiyo inaua bakteria. Kimelea hiki si bakteria, ni protozoa, kiumbe cha seli moja, mwenye nywele. Kidoa kinachoonekana ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi ya juu, kinakula na kunenepa hadi kufikia milimita moja. Kikishiba kinatoboa na kutoka, kinashuka chini, kinajifungia kwenye ganda laini juu ya changarawe, na humo kinagawanyika kuwa vitoto mia kadhaa, mara nyingine hadi elfu moja. Vitoto vinatoka, vinaogelea, na visipopata samaki kwa siku moja au mbili vinakufa. Katika nyuzi 24 mzunguko wote huchukua siku chache hivi, chini ya wiki. Kwenye maji baridi unaweza kuchukua mwezi.

Kwa hiyo vidoa kutoweka si kupona. Ni vimelea kushuka chini kuzaa. Mpwa alitia dawa siku ambazo vidoa vingepotea hata angetia maji ya kunywa. Dawa nyingi zinazosifiwa kutibu samaki zimepata jina kwa bahati ya namna hiyo, na ni vigumu kubishana na mtu aliyeona kwa macho yake.

Kikiwa chini ya ngozi, kimelea hakifikiwi na chumvi wala na dawa za kawaida za kutia majini. Kinachouawa ni kile kitoto kinachoogelea. Tiba yoyote, ya bei yoyote, ni kuyaweka maji katika hali ya kuua vitoto mfululizo, mpaka kimelea cha mwisho kilichoko mwilini kitoke na kuzaa bure. Mtu anayeuliza "chumvi au dawa?" nami humwuliza: utaishikilia kwa muda gani, na samaki gani wamo humo?

Tiba ilianza bila kitu chochote cha kuua. Mapipa mawili ya maji ya bomba yalilala usiku na pampu ya hewa ndani ili klorini ipae. Theluthi ya maji ya tangi ilitolewa asubuhi, theluthi nyingine jioni, na kesho yake tena. Mpira wa kunyonyea ulipitishwa chini kabisa, kwenye changarawe, kwa sababu yale maganda yako huko. Kila ndoo ya uchafu inayotoka inatoka na maelfu ya vitoto ambavyo havijazaliwa. Chakula kilisimamishwa. Kwenye kioo Mama alibandika karatasi: "Usitupie samaki chapati." pH iliposhuka hadi 7.5, kuhema juu kulipungua ingawa vidoa vilikuwa vile vile. Hilo lilimshangaza mpwa kuliko povu la siki.

Kisha koridora wakatengwa. Kambare hawa hawana magamba ya kawaida, na chumvi inayomfaa goldifishi inaweza kuwaelemea. Wengi wangewatilia dawa nusu kipimo. Kwa koridora watano wanaotosha kwenye beseni, mimi napenda njia isiyo na kemikali: mabeseni mawili, samaki wanahamishwa kutoka moja hadi jingine kila siku, kwa maji safi ya joto lile lile na jiwe la hewa. Vimelea vinavyoshuka usiku vinabaki kwenye beseni la jana, ambalo linamwagwa, linasuguliwa na kuanikwa juani mpaka likauke kabisa. Kukauka kunaviua. Baada ya wiki na zaidi kidogo ya kuhamahama, samaki hana tena cha kuachia. Kazi hiyo aliifanya kijana wa usafi, na aliifanya bila kuruka siku.

Goldifishi na moli walibaki tangini, wakapata chumvi. Ya pakiti, yenye iodini, kutoka duka la jirani, kwa bei isiyozidi rolex moja, ile chapati iliyoviringishiwa mayai. Hofu ya iodini haina msingi: kilo nzima ya chumvi hiyo ina iodini miligramu makumi machache tu, na kwa kipimo cha tiba maji hupata sehemu ndogo sana ya miligramu moja kwa lita. Lengo langu lilikuwa gramu 3 kwa lita, yaani kama gramu 720 kwa tangi lote. Sikuzitia kwa mpigo. Pakiti ya nusu kilo iliyeyushwa kwenye ndoo na kugawanywa mara tatu, saa kumi na mbili zikipita kati ya kila fungu, ndipo nikaongeza iliyobaki. Goldifishi angestahimili hata zaidi ya hapo, na moli ni samaki anayeweza kuishi kwenye maji ya mdomo wa mto yanayokutana na bahari, lakini hawa walikuwa wametoka kwenye kipigo.

Chumvi ilikuwa na kazi nyingine mbili humo. Damu ya samaki wa maji yasiyo na chumvi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia saa zote, na ngozi ikitobolewa yanamwingia zaidi. Kuyatia maji chumvi kidogo kunampunguzia kazi ya kuyatoa. Ya pili ni nitriti. Nitriti hupita kwenye matamvua kwa mlango ule ule unaotumiwa na kloridi, na kloridi ikiwa nyingi nitriti inakosa nafasi. Katika tangi ambalo bakteria wake walikuwa wameoshwa kwa bomba, hiyo peke yake ingetosha kuniamulia.

Chumvi haipai na mvuke. Maji yakipungua kwa jua na hewa, huongezwa maji matupu. Ukitoa maji kwa ndoo, unarudisha chumvi ya ndoo hiyo tu: lita 60 zilizotoka, gramu 180. Wanaosahau hilo ndio hujikuta wamefika gramu 6 bila kujua.

Kwa nini sikutumia dawa? Malakaiti ya kijani, peke yake au pamoja na fomalini, inaua vitoto vya kimelea hiki vizuri na kwa haraka kuliko chumvi. Ningeitumia kama chumvi ingeshindwa. Lakini imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika nchi nyingi kwa sababu ya hofu ya saratani, na hapa ni mgahawani: mkono unaokoroga tangi ndio unaokata vitunguu. Maji machafu ya Kisenyi huishia mfereji wa Nakivubo, mfereji unaishia kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, na maji mengi ya bomba ya mji yanavutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyo hiyo. Tangi moja halitamdhuru mtu, najua. Bado sipendi. Fomalini nayo inapunguza oksijeni majini, na samaki hawa walikuwa na upungufu tayari. Salfeti ya shaba sikuifikiria hata kidogo. Kwenye maji laini kama yetu, tofauti kati ya kipimo cha kumwua kimelea na cha kumwua samaki ni nyembamba mno.

Mpwa alipendekeza prazikwanteli, kwa kuwa wilaya za kandokando ya ziwa zinaijua kwa kichocho. Ni dawa nzuri ya samaki pia, ila ya minyoo bapa inayong'ang'ania ngozi na matamvua. Kwa protozoa haina neno. Wengine hupandisha joto hadi nyuzi 30, ambapo aina nyingi za kimelea hiki hushindwa kuzaa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hubeba oksijeni pungufu kwa kama asilimia 13 kuliko Mombasa. Yapashe joto, inapungua tena. Umeme ukikatika usiku, pampu imesimama, maji ya moto, matamvua yameumia: sioni goldifishi wa kuiona asubuhi hiyo. Kwa samaki wa joto, mwenye pampu ya betri, sawa.

Goldifishi wawili zaidi walikufa mwanzoni mwa tiba, wote wale ambao vifuniko vya mashavu vilikuwa vimebaki wazi tangu nilipofika. Nilimwambia Mama mapema kwamba hao huenda wasivuke, na akaniambia Mungu ndiye anajua. Vidoa viliongezeka kwanza, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu kizazi kilichokuwa chini ya ngozi kilikuwa kinanenepa. Kisha vikapotea. Hapo simu ikaja: "Fundi, wamepona, tuache?" Hatukuacha. Chumvi ilibaki kwa wiki mbili baada ya kidoa cha mwisho, na mpira wa kunyonyea uliendelea kupita chini. Havikurudi. Koridora walirudi wote watano. Nitriti ilichukua muda mrefu kuliko ugonjwa kushuka hadi sifuri, na bakteria hawaharakishwi, ingawa nilileta kipande cha sponji kutoka tangi langu lenye afya kuwaongezea mbegu.

Chumvi ilitolewa kwa mabadiliko ya kawaida ya maji, robo kila wiki, bila kuirudisha. Mama alitaka ibaki kidogo daima, kwa kinga. Nilimshauri asifanye hivyo: samaki waliopona wamejenga ukinzani lakini mmoja wao anaweza kubaki na kimelea kimoja kimoja bila dalili, na chumvi kidogo isiyoua vitoto haizuii kitu. Kinachozuia ni beseni la goldifishi wapya kukaa peke yao wiki tatu kabla ya kuingia tangini. Mabeseni anayo tayari. Mabonge mawili ya Katwe yaliyobaki yamekwenda kwa mtu wa Wakiso anayefuga mbuzi.